Rangi ya ganda la yai la kuku

Rangi ya ganda la yai la kuku ni sifa ya kurithi. Huanzia nyeupe na rangi ya maziwa, ikapita kahawia ya kila kiwango, hadi buluu na kijani. Madoa na mabaka huonyesha zaidi hali ya tetea mwenyewe: umri, afya na utulivu wake siku za kutaga.

Rangi inavyotokea

Tangu kiini kitoke kwenye ovari hadi yai litagwe hupita saa 24 hadi 26. Takriban saa 20 kati ya hizo yai huwa ndani ya tezi ya ganda, likivikwa kalisi kaboneti, ambayo kwa asili ni nyeupe. Rangi nyingine zote hutokana na kemikali mbili: protopofirini, ambayo ni ya kahawia, na biliverdini, ambayo ni ya buluu-kijani.

Protopofirini humwagwa zaidi katika saa za mwisho, hivyo hukaa juujuu. Yai la kahawia likivunjwa, ganda huonekana jeupe au hafifu kwa ndani. Likisuguliwa kwa siki, rangi hutoka pamoja na tabaka la juu. Biliverdini hupenya ganda lote, ndiyo maana yai la buluu ni la buluu ndani na nje. Yai la kijani ni ganda la buluu lililopakwa kahawia juu yake.

Tofauti za koo

Leghorn, wenye asili ya Italia, hutaga mayai meupe. Rhode Island Red wa Marekani hutaga ya kahawia, na Marans wa Ufaransa ya kahawia iliyokolea kama chokoleti. Mayai ya Welsummer wa Uholanzi mara nyingi huwa na madoa meusimeusi.

Mayai ya buluu hujulikana zaidi kwa Araucana wa Chile, na pia kwa kuku wa Dongxiang na Lushi wa China. Mwaka 2013 watafiti walieleza kwamba rangi hiyo ilitokana na kipande cha virusi vya kale kilichojipachika katika jeni za kuku, na kwamba jambo hilo lilitokea mara mbili, Amerika Kusini na China, kila upande kivyake. Jogoo huwarithisha binti zake rangi hiyo ingawa yeye hatagi.

Wafugaji wengi hutazama ndewe: nyeupe kwa mayai meupe, nyekundu kwa ya kahawia. Kanuni hiyo ina vighairi vingi; Araucana ana ndewe nyekundu.

Madoa na kupauka

Madoa ya kahawia hutokea rangi inapomwagwa bila kusambaa sawasawa. Vipele vyeupe vinavyokwaruza kidole ni kalisi ya ziada. Tetea akishtuliwa, tuseme na mbwa au mwewe, anaweza kulizuia yai, likaendelea kupakwa kalisi na kutoka na vumbi jeupe au la waridi juu ya kahawia.

Mayai ya mwanzo wa msimu wa kutaga hukolea zaidi. Rangi hufifia kadiri tetea anavyoendelea kutaga na mayai yake yanavyokuwa makubwa. Baada ya kunyonyoka manyoya na kupumzika, hukolea tena. Kundi zima likipauka ghafla, sababu yaweza kuwa utitiri, dawa ya nikabazini, au maradhi kama kideri na bronkitisi ya kuambukiza. Hapo mtaalamu wa mifugo huhitajika.

Rangi, lishe na soko

Katika Afrika Mashariki kuku wa kienyeji hutaga mayai ya rangi ya maziwa hadi kahawia hafifu, ilhali kuku wengi wa kisasa wa mayai hutaga ya kahawia. Ndiyo sababu wanunuzi wengi huona yai lililopauka kuwa la kienyeji. Kipimo hicho ni dhaifu: chotara hutaga rangi zote za katikati, na Leghorn wa kisasa hutaga nyeupe kabisa.

Ganda halibadilishi lishe ya yai. Rangi ya kiini nayo hutokana na chakula: mahindi ya njano na majani mabichi huongeza unjano wake, hata kwa kuku wa kisasa. Jinsi kuku alivyofugwa na kulishwa hujulikana kwa mfugaji mwenyewe, si kwa ganda.