Urithi wa Kiholanzi Nakuru: Maksai, Waridi na Maji

Watu wa kwanza kuleta urithi wa Kiholanzi Nakuru hawakutoka Uholanzi. Walikuwa Makaburu wa Afrika Kusini, wazao wa askari, mabaharia na wakulima walioanza kufika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, Jan van Riebeeck alipofungua kituo cha Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki ili meli zake zipate maji, mboga na nyama. Kwa zaidi ya miaka 250 walichanganyika na Wajerumani na Wafaransa waliokimbia mateso ya dini, na Kiholanzi chao kikageuka kuwa Kiafrikana, lugha iliyopokea mengi kutoka kwa Wakhoi na kwa watumwa waliotolewa Asia. Kanisa, hata hivyo, lilibaki lile lile la mafundisho ya Kalvini, na Biblia ilibaki ile ya Kiholanzi iliyochapishwa mara ya kwanza 1637. Biblia kamili ya Kiafrikana haikutoka hadi 1933, kwa hiyo familia zilizokuja Kenya zilikuwa zikisali jioni kwa lugha ambayo watoto wao hawakuizungumza mchana.

Kilichowasukuma ni vita. Kati ya 1899 na 1902 Waingereza waliziteka jamhuri mbili za Makaburu, wakachoma mashamba na kuwafungia wanawake na watoto kambini, ambako maelfu walikufa kwa maradhi. Wengine waliosalimu amri mapema walirudi nyumbani wakakuta majirani hawawasalimii. Wakati huohuo serikali ya Kiingereza Afrika Mashariki ilikuwa na reli mpya iliyofika Nakuru mwaka 1900, deni la kuilipia, na hamu ya kupata walowezi. Ndugu wa ukoo wa Van Breda walitangulia mwaka 1903. Baada yao wakafika wengine wachache, na sifa za uwanda wa Uasin Gishu zikarudi kusini.

Julai 1908 meli ya Windhuk ilitia nanga Mombasa ikiwa na familia zipatazo 47 chini ya uongozi wa Van Rensburg, pamoja na farasi wao na magari yao ya kukokotwa. Treni ziliwapandisha hadi Nakuru, ambayo wakati huo ilikuwa mji mdogo uliozaliwa na reli. Mitaa ya magharibi kama Kaptembwo na Rhonda ilikuwa bado haijajengwa. Kambi ikapigwa, na kazi ya kwanza ikawa kutafuta maksai. Wale wa kienyeji hawakuwa wamezoea nira, na mtu yeyote aliyewahi kufunza hata jozi moja kulima anaweza kukisia jasho lililotoka hapo, kwa kuwa gari moja la Kikaburu lilivutwa na jozi nane au zaidi, zikitembea kwa mstari mmoja mrefu na kutii sauti ya mwendeshaji. Ujuzi huo, pamoja na gari lenyewe, lenye sakafu ndefu na paa la turubai, ndio uliokuwa utamaduni wao hasa. Gari lilikuwa nyumba, ghala, kitanda cha mgonjwa na, Jumapili, mahali pa ibada.

Agosti msafara uliondoka Nakuru kuelekea upande wa Ravine, ukapanda ukingo wa Bonde la Ufa na kuingia kwenye misitu ya mianzi ya Timboroa. Hakukuwa na barabara ya kustahimili uzito ule. Miti ilikatwa ili kufungua njia, na kwenye vinamasi magurudumu yalizama hadi maksai wa magari mawili au matatu walilazimika kufungwa pamoja ili kulinasua moja. Oktoba walifika Sergoit, kwenye uwanda wa Uasin Gishu. Leo matatu hukamilisha safari kama hiyo kwa saa chache.

Nyanda hizo zilionekana tupu, na serikali ilizigawa kana kwamba hazina mwenyewe. Mwaka 1903 ilikuwa imekwisha kuwaahidi Wayahudi wa Ulaya sehemu ya ardhi hiyohiyo, ahadi ambayo mkutano wao wa 1905 uliikataa. Ukweli ni kwamba Wamaasai wa Uasin Gishu walichungia mifugo yao hapo hadi waliposhindwa vitani karne ya 19, na baada yao Wanandi walipeleka mifugo huko. Wanandi walipigana na Waingereza kwa miaka kumi, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905 kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Miaka mitatu tu baadaye magari yakafika. Makaburu walikuwa wameonja wenyewe uchungu wa kunyang'anywa mashamba, nao wakapokea mashamba ya watu walionyang'anywa. Jambo hili haliwezi kutenganishwa na sifa za ujasiri wa safari yao.

Kilimo chao kilibadilisha uwanda. Walileta plau za kukokotwa, wakapanda ngano na mahindi, na wakakausha nyama iliyotiwa chumvi na siki, ile biltong inayouzwa madukani hadi leo. Mji uliokua kando ya mto Sosiani ulijulikana kwanza kwa namba ya shamba, 64, ambayo wenyeji waliitamka Sisibo, kabla ya kupewa jina la Eldoret mwaka 1912. Mwaka 1909 walianzisha usharika wao, Vergenoeg. Reli kutoka Nakuru ilipofika Eldoret mwaka 1924, safari za magari ya maksai zilikoma kuwa za lazima.

Uhuru ulipokaribia, wengi wao waliuza mashamba na kurudi kusini, wengine wakisafiri kwa malori kupitia Tanganyika. Kilichobaki ni kanisa. Kazi ya misheni waliyoianzisha miaka ya 1940 ilipokewa na wamisionari kutoka Uholanzi yenyewe, na kanisa hilo likaendelea chini ya viongozi Waafrika kama Reformed Church of East Africa, lenye makao makuu Eldoret.

Njia ya pili ya urithi huo kufika Nakuru ilikuwa ya biashara. Ng'ombe weusi kwa weupe wa Friesland, jimbo la kaskazini mwa Uholanzi, wameenea katika mashamba ya Njoro, Molo na Subukia kiasi kwamba wachache hukumbuka asili yao. Maua yalifuata. Familia ya Zwager, yenye asili ya Kiholanzi, ilinunua ardhi ya Oserian kando ya Ziwa Naivasha mwaka 1969 na kuanza kilimo cha maua mwaka 1982. Wakulima wengine Waholanzi walikuja na mbegu, nyumba za plastiki na, muhimu zaidi, mlango wa soko. Waridi lililokatwa asubuhi Naivasha huingizwa kwenye chumba baridi, hupelekwa Nairobi kwa lori na kupanda ndege usiku, na siku chache baadaye linaweza kuwa kwenye mnada wa Aalsmeer karibu na Amsterdam. Mnada huo una desturi ya karne ya 19: bei huanza juu na kushuka, na anayebonyeza kwanza ndiye mnunuzi. Maelfu ya vijana wa Kenya, wengi wao wanawake, wamepata ajira katika mashamba ya maua, ingawa mishahara na kiasi cha maji kinachovutwa ziwani vimekuwa malalamiko ya muda mrefu.

Njia ya tatu, ya maji, ndiyo iliyofika Kaptembwo. Uholanzi ni nchi ambayo sehemu kubwa yake iko chini ya usawa wa bahari, na tangu karne ya 13 wakulima wake wameunda mabaraza ya maji ya kutunza kingo na mifereji kwa michango yao wenyewe. Nazo kampuni zake za maji hadi leo ni mali ya manispaa na majimbo. Mbili kati yake, Vitens na Evides, zina tawi la pamoja la kazi za nje, ambalo kwa kushirikiana na shirika la Kiholanzi la SNV, shirika la Kenya la Umande Trust na kampuni ya maji ya Nakuru lilishiriki katika mpango wa usafi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kwa mitaa ya watu wa kipato cha chini. Katika mitaa hiyo vyoo vya plotini hutumiwa na familia nyingi, na mabomba ya maji taka hayafiki kila mlango. Mpango huo uliwahimiza wenye nyumba kujenga vyoo bora, na uchafu unaokusanywa ukaanza kukaushwa, kuchomwa na kuchanganywa na vumbi la mbao hadi ukawa makaa ya kupikia yasiyo na harufu, ambayo kampuni tanzu ya kampuni ya maji ya Nakuru ilianza kuwauzia wakazi.