Mchoro wa Umeme wa Moyo na Dalili Zilizoupa Maana

Kipimo cha umeme wa moyo, ambacho hospitalini hufahamika zaidi kwa herufi tatu za ECG, huchukua dakika chache, hakimuumizi mgonjwa, na huacha kwenye karatasi ya miraba mistari inayopanda na kushuka ambayo watu wengi huipokea kwa hofu kana kwamba ni hukumu. Historia ya kipimo hicho inafundisha kwamba mistari hiyo haikuwahi kujieleza yenyewe, kwani kila wimbi lililopewa maana lilipewa maana hiyo baada ya tabibu kulilinganisha na maumivu, mapigo yasiyo na mpangilio au kuzirai kwa mgonjwa aliyekuwa mbele yake. Kuna njia mbili zilizofikisha elimu hiyo mahali ilipo leo, ya kwanza ikiwa ya wanasayansi waliousaka umeme wa moyo katika maabara, na ya pili ya matabibu waliosikiliza na kuandika dalili za wagonjwa, na ni pale njia hizo zilipokutana ndipo mchoro ulipoanza kuokoa maisha.

Kuusaka umeme wa moyo

Mwaka 1842 Carlo Matteucci, mwanafizikia wa Pisa nchini Italia, alionyesha kwa kutumia vyura kwamba kila pigo la moyo huandamana na mkondo wa umeme. Umeme huo ni hafifu mno, kiasi kwamba unapofika juu ya ngozi ya binadamu hupimwa kwa sehemu za elfu moja za volti, na kwa hiyo ilibidi kusubiri chombo chenye uwezo wa kuuhisi. Chombo hicho kilitokana na kazi ya Mfaransa Gabriel Lippmann, ambaye katika miaka ya 1870 alibuni mrija mwembamba wenye zebaki na asidi ya sulfuriki, ambamo mpaka wa vimiminika hivyo viwili ulisogea kila umeme ulipobadilika, na msogeo huo uliweza kupigwa picha. Kwa kutumia mrija huo, mwaka 1887 Augustus Waller wa Hospitali ya St Mary's, London, alichapisha mchoro wa kwanza wa umeme wa moyo wa binadamu uliopimwa juu ya mwili bila kumpasua mtu. Zebaki, hata hivyo, ilikuwa nzito na ilichelewa kufuata mabadiliko ya haraka, hivyo michoro ilipotoka, na Waller mwenyewe hakutarajia kwamba kipimo hicho kingekuja kutumika sana katika hospitali.

Aliyeyaona manufaa yake ni Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1860 mjini Semarang katika kisiwa cha Java, akawa profesa wa fiziolojia, yaani elimu ya utendaji wa mwili, katika Chuo Kikuu cha Leiden. Baada ya kumwona Waller akionyesha kazi yake mjini Basel mwaka 1889, Einthoven alitumia hesabu kurekebisha upotofu uliosababishwa na zebaki, na mwaka 1895 akayapa mawimbi aliyoyapata herufi P, Q, R, S na T, ambazo hazijabadilika hadi leo. Hakuridhika na masahihisho ya hesabu, akabuni galvanometa ya uzi, aliyoitangaza mwaka 1901, ambayo ndani yake uzi mwembamba wa kwatzi uliopakwa fedha ulining'inizwa kati ya ncha za sumaku-umeme yenye nguvu, ukawa unayumba kwa kadiri ya umeme uliopita ndani yake, na kivuli cha uzi huo kikapigwa picha. Mtambo huo ulikuwa na uzito wa takriban kilo 270, uliendeshwa na watu watano, na mgonjwa alitakiwa kutumbukiza mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi ili umeme upite vizuri.

Kwa kuwa mtambo mzito kiasi hicho haukuweza kupelekwa kitandani kwa mgonjwa, mwaka 1905 Einthoven aliunganisha maabara yake na hospitali ya Leiden, umbali wa kilometa moja na nusu, kwa nyaya za simu, na kwa njia hiyo akaanza kuandika michoro ya watu waliokuwa wagonjwa kweli. Wakati huohuo wataalamu wa maumbile ya mwili walikuwa wakigundua mahali umeme huo unakotoka na unakopita: Sunao Tawara, Mjapani aliyefanya kazi Marburg, Ujerumani, alieleza mwaka 1906 mkusanyiko wa seli unaoupokea umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini vya moyo, na mwaka 1907 Arthur Keith na Martin Flack wa Uingereza wakaeleza fundo la seli, lililo katika chumba cha juu cha kulia, linaloanzisha kila pigo. Mawimbi ya Einthoven yakawa sasa na ramani ya kufuatwa, na mwaka 1924 akatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Waliosikiliza dalili

Njia ya pili ilianza zamani zaidi. Mwaka 1768 William Heberden aliwaeleza madaktari wenzake wa London habari za maumivu ya kubana kifuani yanayomshika mtu anapotembea, hasa anapopanda mlima au baada ya kula, na ambayo hutoweka anaposimama. Hakuwa na chombo chochote cha kupimia umeme, lakini maelezo yake ya ugonjwa huo unaoitwa anjaina yanafaa hata sasa, kwa sababu yalitokana na kuwasikiliza wagonjwa wengi kwa makini.

Zaidi ya karne moja baadaye, James Mackenzie, tabibu katika mji wa viwanda wa Burnley, alikuwa akirekodi kwa pamoja mapigo ya mshipa wa mkononi na yale ya mshipa mkubwa wa shingoni, akatambua kwamba baadhi ya wagonjwa wenye mapigo yasiyo na mpangilio wowote walikuwa wamepoteza ile alama ya shingoni inayotokana na kukaza kwa vyumba vya juu vya moyo. Thomas Lewis, daktari kijana wa London aliyefuata nyayo zake, alitumia galvanometa ya Einthoven kulifumbua fumbo hilo mwaka 1909, akaonyesha kwamba kwa wagonjwa hao wimbi la P hutoweka na mahali pake huonekana mtetemo mdogo usiokatika, kwa sababu vyumba vya juu havikazi tena kwa pamoja bali vinatetemeka tu. Hali hiyo, iitwayo fibrilesheni ya atria, huifanya damu itulie na kuganda ndani ya moyo, na bonge likichukuliwa hadi kwenye ubongo huleta kiharusi.

Shambulio la moyo nalo lilieleweka kwa namna hiyohiyo. Mwaka 1912 James Herrick wa Chicago aliandika kwamba mtu anaweza kuzibwa ghafla na bonge la damu katika mshipa unaolisha misuli ya moyo na bado asife papo hapo, jambo ambalo madaktari wengi wa wakati huo hawakulitilia maanani. Mwenzake Fred Smith alifunga mishipa ya moyo ya mbwa na kuandika michoro yao mwaka 1918, na mwaka 1920 Harold Pardee wa New York akachapisha mchoro wa mgonjwa uliochukuliwa saa chache baada ya maumivu kuanza, ambamo kipande cha mstari kilicho kati ya wimbi la S na wimbi la T kilikuwa kimepanda juu ya usawa wake. Kupanda kwa kipande hicho cha ST ndiko kunakomwambia daktari wa leo kwamba huenda mshipa umezibwa kabisa na unatakiwa kufunguliwa mara moja, na ulazima wa haraka hiyo ulithibitishwa mwaka 1986 na utafiti wa GISSI wa Italia, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 11,000, ambao ulionyesha kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ilipunguza vifo, hasa kwa waliopewa ndani ya saa ya kwanza.

Namna mchoro unavyosomwa

Mchoro wa kisasa una mitazamo 12 inayopatikana kwa kubandika vibandiko vinne kwenye mikono na miguu na sita kifuani, utaratibu uliokamilika kati ya miaka ya 1930 na 1942 kwa kazi za Frank Wilson na Emanuel Goldberger, wote wa Marekani. Ni sawa na watu 12 wanaoitazama nyumba moja kutoka pande mbalimbali, kwani hitilafu inayojificha upande mmoja huonekana upande mwingine, na ndiyo sababu daktari huweza kukisia ni sehemu gani ya moyo iliyokosa damu.

Kwa kawaida karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde, hivyo mraba mkubwa ni sekunde 0.2 na mraba mdogo sekunde 0.04, na mapigo yakiwa na mpangilio, idadi yake kwa dakika hupatikana kwa kugawanya 300 kwa miraba mikubwa iliyo kati ya wimbi moja la R na lingine. Wimbi la P linaonyesha umeme ukisambaa katika vyumba vya juu, mawimbi ya QRS yanaonyesha ukisambaa katika vyumba vya chini, na wimbi la T linaonyesha vyumba vya chini vikijiandaa kwa pigo linalofuata. Kwa mtu mzima, mapigo 60 hadi 100 kwa dakika akiwa ametulia, muda wa sekunde 0.12 hadi 0.20 kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS, na QRS isiyofika sekunde 0.12 huhesabiwa kuwa vya kawaida. QRS iliyopanuka huashiria kwamba umeme unachelewa katika njia zake, na P zisizofuatana na QRS huashiria kwamba njia imekatika.

Vipimo hivyo navyo havitoshi bila kumjua mwenye moyo. Mwanariadha anaweza kuwa na mapigo chini ya 60 akiwa mzima wa afya, na mapigo ya ziada ya mara mojamoja hutokea kwa watu wengi wasio na ugonjwa. Kwa wasomaji wa Afrika lipo jambo kubwa zaidi: tangu mwaka 1954, H. Grusin alipochapisha uchunguzi wake kuhusu michoro ya Waafrika, imefahamika kwamba vijana wengi wenye asili ya Afrika huwa na kipande cha ST kilichopanda kidogo ilhali moyo hauna hitilafu, na miongozo ya kimataifa ya mwaka 2017 kuhusu michoro ya wanariadha inaizingatia tofauti hiyo. Aliyefundishwa kwa michoro ya Wazungu pekee anaweza kumwona kijana mzima kuwa mgonjwa.

Kinyume chake pia ni kweli. Mchoro wa kawaida wa sekunde 10 hauwezi kunasa mapigo yanayokwenda mbio mara moja kwa wiki, na ni kwa sababu hiyo Norman Holter wa Montana alibuni kinasa mapigo cha kubebwa, ambacho mwaka 1949 kilikuwa mzigo wa mgongoni wa kilo zipatazo 38 na sasa huvaliwa chini ya shati. Mchoro hauonyeshi valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, ambazo huchunguzwa kwa mawimbi ya sauti, na katika saa za mwanzo za shambulio la moyo unaweza kuonekana safi, kiasi kwamba hulazimu kuurudia na kupima damu.

Dalili zisizopaswa kupuuzwa

Kwa hiyo maelezo ya mgonjwa yangali nusu ya kipimo. Maumivu ya kubana au uzito kifuani unaozidi dakika chache, unaosambaa hadi mkono, taya au mgongo, pamoja na jasho, kichefuchefu au kuishiwa pumzi, yanadai hospitali saa hiyohiyo, na wanawake, wazee na wenye kisukari wanapaswa kujua kwamba kwao shambulio huweza kuja kwa uchovu mkubwa au pumzi kukatika bila maumivu makali. Kuzirai wakati wa mazoezi, hasa katika familia yenye historia ya vifo vya ghafla vya vijana, ni onyo zito. Pumzi inayobana mtu anapolala chali, pamoja na miguu kuvimba, huashiria moyo ulioshindwa kusukuma damu ipasavyo, ilhali maumivu ya kuchoma kama sindano mahali pamoja, yanayozidi panapobonyezwa, mara nyingi hutokana na misuli na mbavu, ingawa uamuzi huo ni wa daktari.

Anayekwenda kupimwa anapaswa kueleza dalili ilianza saa ngapi, ilidumu kwa muda gani na alikuwa akifanya nini, ataje dawa anazotumia, na ahifadhi nakala ya kila mchoro wake, kwa kuwa mchoro wa zamani uliowekwa kando ya mpya ndio unaoonyesha ni hitilafu ipi aliyoishi nayo miaka yote na ni ipi iliyoanza leo.