Shahada Unganishi ya Fedha

Bwaise, mtaa wa Kampala, imelala bondeni, kaskazini mwa kilima cha Chuo Kikuu cha Makerere, na bodaboda hukifikia kilima hicho kwa dakika chache tu. Mzazi wa mtaa huu anayemsomesha mwanawe biashara anaijua hesabu yake: miaka 3 ya shahada ya kwanza, kisha, Mungu akijalia, miaka 2 ya uzamili. Katikati mara nyingi hukaa miaka mingine ya kusaka kazi na kuchanga ada. Vyuo vya ng'ambo vinamwambia kijana huyo kwamba ngazi zote mbili zinaweza kusomwa mfululizo, katika mpango mmoja. Mpango huo kwa Kiswahili uitweje?

Wapo wanaosema "shahada pacha", jina tamu lakini lenye kupotosha. Pacha hulingana, ilhali shahada ya kwanza na ya uzamili (wengine Tanzania husema umahiri) ziko ngazi tofauti. "Shahada mbili" nayo inamhusu mtu yeyote aliyesoma mara mbili, hata kama aliachanisha miaka ishirini. Jina linalofaa zaidi ni shahada unganishi, kwa maana ile ile ya abiria anayeunganisha gari: anashuka hili na kupanda lile bila kulala njiani.

Kiini chake ni yuniti za masomo. Marekani, shahada ya kwanza kwa kawaida huhitaji yuniti 120, na uzamili huhitaji kama 30. Katika mpango unganishi, mwanafunzi aliyekaribia kuhitimu anaruhusiwa kusoma kozi chache za uzamili, na kozi hizo zinahesabiwa pande zote mbili. Hapo ndipo muda unapookolewa: ngazi mbili zinaisha kwa miaka 5 hivi badala ya 6 ya kawaida huko. Katika uhasibu, ndugu wa karibu wa fedha, mipango hii ilipata nguvu kwa sababu ya leseni. Jimbo la Florida lilianza mwaka 1983 kumtaka mhasibu wa umma awe na yuniti 150, majimbo mengine yakafuata, na vyuo vikaona kwamba mwanafunzi anayelazimika kuongeza yuniti 30 ni bora aondoke na uzamili kabisa.

Uingereza wana utaratibu mwingine unaofanana na huo kwa mbali. Huko mwanafunzi anaweza kusajiliwa tangu mwanzo kwa uzamili, akasoma miaka 4, na mwishoni akapewa cheti kimoja tu. Huo usiitwe unganishi, maana hakuna viwili vilivyounganishwa. Uitwe uzamili wa moja kwa moja.

Kampala pana jambo la karibu zaidi, nalo halipaswi kuchanganywa na haya. Wanafunzi wengi wa biashara husoma shahada mchana na kufanya mitihani ya CPA ya taasisi ya wahasibu wa Uganda, ICPAU. Wengine hufuata ACCA ya Uingereza, ambayo mwaka 2016 ilifungua njia ya kupata uzamili wa Chuo Kikuu cha London. Ni juhudi ya kupigiwa makofi, lakini CPA ni cheti cha taaluma, si shahada. Mwajiri anavitofautisha, na mwanafunzi naye avitofautishe kabla ya kulipa.

Limebaki neno fedha lenyewe. Wengi wakisikia "shahada ya fedha" hudhani ni uhasibu kwa jina lingine. Tazama duka la Bwaise baada ya mvua kubwa. Mfereji wa Nsooba umefurika, maji yameingia ndani, magunia ya unga ya chini yamelowa. Kuandika daftarini kiasi kilichoharibika ni uhasibu. Kuamua kama akiba iliyobaki iinue sakafu na kizingiti sasa, inunue unga mwingine kwanza, au muuzaji akope kwenye Sacco na kulipa riba ili afanye yote mawili, hiyo ndiyo fedha: kupima thamani ya leo dhidi ya kesho isiyojulikana. Kwa hiyo "usimamizi wa fedha" hueleza somo vizuri kuliko "fedha" peke yake. Tukisema "ugharimiaji", tunakuwa tumehamia kwingine, kwenye kutafuta mtu wa kulipia. Bodi ya Uganda ya kugharimia wanafunzi wa elimu ya juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, inafanya kazi hiyo, na mikopo yake ya shahada imeelekezwa zaidi kwenye sayansi na teknolojia. Mwanafunzi wa usimamizi wa fedha asiiwekee matumaini makubwa.

Istilahi hizi zinahitajika sasa. Katiba ya Uganda ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto watakaopita humo watataka kuuliza habari za vyuo kwa lugha hiyo.

Na swali la kwanza la kuulizia shahada unganishi ni hili: ada ikikatika mwaka wa 4, mwanafunzi anatoka na nini? Vipo vyuo vinavyotoa shahada ya kwanza pindi masharti yake yanapotimia, na vipo vinavyoishikilia hadi uzamili ukamilike. Jibu linapatikana kwenye kanuni za mpango, na ni haki ya mwombaji kuomba aonyeshwe kwa maandishi kabla ya kutia sahihi.