Uluguru tunayoiona ni mizizi tu

Wadau, mnaijua Uluguru pale Morogoro? Basi ile si milima ya kale yenyewe, ni mizizi yake. Milima ya kale ilishalika zamani.

Ushahidi ni mawe. Ukipanda njia ya Morningside utakutana na mawe yenye mistari na vipunje vyekundu vya garneti. Wataalamu wanayaita granulaiti. Jiwe la hivyo halitengenezeki juujuu jamani, linataka joto la nyuzi 800 hivi na mgandamizo wa kilomita 30 hivi chini ya ardhi. Sasa limefikaje njiani hapo? Lilipandishwa polepole, na vyote vilivyolifunika vikamomonyoka. Kilomita 30 za miamba, si mchezo!

Chembe za zikoni ndani yake zinaonyesha lilipikwa miaka milioni 640 hivi iliyopita, mabara yalipokuwa yanagongana kuunda Gondwana. Ukanda wote Arthur Holmes aliuita wa Msumbiji mwaka 1951, ingawa unapita kwetu na Kenya pia. Huu urefu wa leo, mita 2,600 na ushee, umeletwa na mipasuko ya ardhi ya baadaye sana.