Dola kwa Dola: Bitcoin Ilivyokwama El Salvador

Wasee, kila wiki kuna mtu TikTok anatuambia kripto itamaliza makato ya pesa za diaspora. Enyewe hiyo stori si mpya. El Salvador waliijaribu nchi nzima.

Tarehe 7 Septemba 2021, Bitcoin ikawa pesa halali huko kando ya dola. Serikali ya Nayib Bukele ikaleta pochi ya simu, Chivo, na ukijisajili unapewa Bitcoin ya dola 30. Hoja ilikuwa tamu: pesa zinazotumwa nyumbani, nyingi kutoka Marekani, ni zaidi ya asilimia 20 ya uchumi wao. Mbona mawakala wazikate?

Lakini cheki hii. El Salvador wanatumia dola tangu 2001. Kijana anaosha vyombo Los Angeles, analipwa dola. Mathe wake anahitaji dola za unga. Sasa Bitcoin inaingia hapo katikati kufanya nini? Novemba 2021 moja ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye iko chini ya 17,000. Mathe akiiacha kwa pochi bei ianguke, ni yeye analala njaa, si Bukele.

Watu walichukua zile 30 (hata mimi ningechukua), wengi wakahepa. Mwaka 2022, pesa za diaspora zilizopitia kripto hazikufika asilimia 2. M-Pesa ilishika hapa kwetu kuanzia 2007 kwa sababu unatuma shilingi, na shilingi zinatoka kwa duka la jirani.

Januari 2025 bunge lao likageuza sheria: hakuna biashara inayolazimishwa tena kupokea Bitcoin. IMF ndio walitaka hivyo, kwa mkopo wa dola bilioni 1.4.