Risasi za shaba: kwa nini bunduki za Bunkeya hazikupiga mahali pamoja

Wandugu, tuanze na neno lenyewe. Risasi ni kile kinachotoka kwenye bunduki, lakini pia ni jina la metali, ile nzito na laini inayoyeyuka kwenye moto wa kawaida. Kimoja kilitengenezwa kwa kingine, njo maana jina likawa moja. Sasa huku kwetu Katanga, karne ya 19, metali hiyo ilikuwa haba na shaba ilijaa. Wahunzi wa Msiri kule Bunkeya wakafua risasi za shaba.

Wengi tulisikia habari hiyo kama sifa: bakubwa walijitegemea. Ni kweli kabisa. Lakini ni nani aliyetuuliza kama risasi hizo zilipiga?

Silaha za Msiri zilitoka pande mbili, pwani ya mashariki kwa Waswahili na Wanyamwezi, na Benguela kwa Wavimbundu. Nyingi zilikuwa gumegume za kushindilia kwa mdomoni, mtutu laini ndani, bila mikato ya kuizungusha risasi. Risasi ikiwa ndogo kuliko mtutu inagongagonga njiani, na upande wa mgongo wa mwisho njo unaamua iende wapi. Shaba iliongeza shida. Inayeyuka kwa digrii 1,085, metali ya risasi kwa 327 tu, kwa hiyo kuimimina katika kalibu ndogo ni kazi, na ukiifua kwa nyundo kila moja inatoka na umbo lake. Tena ni nyepesi: kwa ukubwa uleule inapungua uzito karibu sehemu moja kwa tano, na hewa inaipunguzia mwendo mapema. Halafu baruti. Ukiipima kwa kiganja, leo inazidi, kesho inapungua. Masika yakifika inanyonya unyevu.

Basi mtu mmoja, jicho lilelile, mti uleule, anapiga mara tatu na kupata majibu matatu. Kosa liko wapi? Njia ya kujua ni moja: badilisha kitu kimoja tu, vingine viache vilevile, rudia. Lakini kurudia kunakula baruti, na baruti njo ilikosekana Bunkeya mwaka 1891, Wasanga walipomwasi Msiri. Mwenye njaa hafanyi majaribio na unga wa mwisho.

Halafu ikaja sheria. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi Mkataba wa Bruseli, unaosifiwa kwa kupiga vita utumwa. Ndani yake mlikuwa na katazo la silaha, kuanzia digrii 20 kaskazini hadi 22 kusini. Kamina iko ndani kabisa. Bunduki zenye mikato na kartushi zilizuiwa. Kwa ruhusa maalum watu waliachiwa gumegume zenye mtutu laini na baruti ya biashara. Kwa maneno mengine, sheria ilichagua ni nani apige sawasawa. Askari wa Force Publique walipewa Albini, yenye mikato, na kartushi ya kiwandani ambayo kila moja inafanana na mwenzake.

Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa na Bodson, afisa wa msafara wa Stairs, na papo hapo Masuka akampiga Bodson. Siku ile umbali ulikuwa hatua chache, ubora wa risasi haukuwa na maana. Huku kwa Waluba hadithi ilikuwa tofauti: Kasongo Nyembo alishirikiana na askari walioasi Luluabourg mwaka 1895, watu waliokuja na Albini mkononi. Hao walikuwa na bunduki nzuri, ila kila kartushi waliyoifyatua haikuwa na duka la kuirudisha. Kasongo Nyembo alishikwa mwaka 1917.

Kuna jambo moja la pembeni. Watu wanacheka imani ya dawa inayogeuza risasi kuwa maji. Mimi sicheki haraka. Mtu aliyezoea gumegume, akiona risasi zinapita kushoto na kulia kwa hatua mia, alikuwa na ushahidi machoni kwamba dawa inafanya kazi. Ushahidi huo ulikufa mbele ya Albini.

Na pupu, bunduki za mafundi wa vijijini, bado zipo porini. Mwindaji wake hafyatui mbali. Anatambaa hadi karibu kabisa na mnyama, ndipo anavuta.