Baiskeli ya umeme kwa milima ya Njombe: uchukue ipi?

Mie niko hapa Mjimwema, Njombe. Kibaruani ni kilomita 6 kwenda, 6 kurudi, na bodaboda zinanimaliza. Nusura nitoe akiba yangu ya mwaka mzima kwa baiskeli ya umeme iliyoandikwa "kilomita 60 kwa chaji moja". Kabla ya kulipa nikaomba kuijaribu mlimani. Katikati ya kilima mota ikachoka, nikashuka nikasukuma. Na ule uzito, acha kabisa! Tangu siku hiyo nimefuatilia sana, na haya ndiyo ya kuangalia.

1. Ukubwa wa betri. Zidisha volti kwa ampea-saa, unapata wati-saa. Volti 36 mara ampea-saa 10 ni wati-saa 360, hata nusu uniti ya LUKU haifiki. Kwa hiyo kuchaji si tatizo, tatizo ni mlima. Kwenye tambarare, ukipiga pedali kidogo, kilomita moja inakula kama wati-saa 10. Lakini wewe, baiskeli na mzigo mkiwa kilo 100, kupanda kimo cha mita 100 kunataka wati-saa 27, na kwa kuwa mota inapoteza nyingine kama joto, we weka 40. Hizo kilomita 60 kumbe ni za tambarare!

2. Aina ya betri. Za asidi, jamii ya zile za gari, ni bei rahisi, ila seti ya volti 36 na ampea-saa 12 inafika kilo 12 hivi. Lithiamu ya ukubwa huo ni kama kilo 3, na inadumu zaidi. Baridi ya Juni na Julai inapunguza nguvu ya betri zote, hivyo chagua inayochomoka, ilale ndani. Tumia chaja yake tu, na usichajie mlangoni wala karibu na kitanda, manake lithiamu ikiwaka si mchezo.

3. Mota. Iliyo kwenye gurudumu ni rahisi na haina mambo mengi, ila ukipanda polepole muda mrefu inachemka. Iliyo kwenye pedali inatumia gia za baiskeli, hivyo mlima inauweza hata ikiwa ndogo. Ubaya wake ni bei, na cheni inaisha haraka. Msihangaike na mbio: Ulaya baiskeli hizi kisheria ni wati 250, na mota inaacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa.

4. Breki. Huku kinachopanda lazima kishuke, tena kwenye mvua. Breki za diski ni lazima.

5. Jaribu mwenyewe. Panda kilima chako na mzigo wako. Kisha zima mota upige pedali: siku umeme umekatika utafika nyumbani? Muulize pia muuzaji chaja na betri nyingine zinapatikana wapi.

Mie nimeamua kuendelea kudunduliza nipate ya lithiamu yenye mota kwenye pedali. Heri nipande bodaboda miezi michache zaidi kuliko kununua chuma cha kusukuma.

Naomba kuwasilisha. Mnaotumia tayari, hasa wa Makambako, leteni uzoefu!